SOMO LA KUMI NA MOJA: KUUZA MALI NG'AMBO

Kuthubutu kwa Hesabu

(Maneno haya yalisemwa redioni. Yamechapwa ili yasomwe tena darasani. Mmoja asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa macho na kwa kidole.)

Natumaini nyote mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali weka chaki karibu, maana leo tutaandika maswali matatu ubaoni.

Katika somo lililopita tulizungumza habari ya daftari la duka: fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Tulikumbushana kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutatoka dukani, tutavuka mpaka. Tutazungumza habari ya mfanya biashara mdogo anayetaka kuuza mali yake katika nchi nyingine, na hatari zinazomngoja njiani.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Mambo hayo ni ya matajiri. Sisi yatuhusu nini?" Ndugu yangu, yakuhusu sana. Mama anayevusha magunia matano ya mchele pale Namanga au Tunduma anauza nchi ya ng'ambo. Mkulima wa Njombe ambaye maparachichi yake hununuliwa na watu wa Ulaya yumo. Mwanamke wa Paje, kule Unguja, anayelima mwani baharini, naye yumo, maana mwani ule hauliwi kijijini kwake, hupakiwa ukapelekwa mbali. Basi somo hili ni letu sote.

NAHODHA NA UPEPO

Wazee wetu wa pwani walifanya biashara na nchi za ng'ambo kwa mamia ya miaka. Majahazi yalikuja kwa pepo za kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, kutoka Arabuni na Bara Hindi. Pepo za kusi zilipoanza kuvuma, kiasi cha mwezi wa Aprili, yalirudi kwao na shehena ya boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, na karafuu kutoka Unguja na Pemba.

Je, bahari haikuwa na hatari? Ilikuwa nayo, na vyombo vingi vilizama. Lakini nahodha mwenye akili hakuingia baharini kwa kusema, "Liwalo na liwe." Alingoja upepo wake. Alikagua tanga na kamba. Alikalafati chombo chake mpaka maji yasipate pa kupenya. Na alipokwisha kufanya hayo yote, hakukaa pwani akiogopa mawimbi. Alitweka tanga akaenda.

Nahodha huyo atufundisha jambo la leo. Wako watu wawili ambao biashara huwashinda. Mmoja huogopa kila kitu, na mali yake huozea nyumbani. Wa pili haogopi kitu, akapeleka yote aliyo nayo kwa mtu asiyemjua. Katikati yao yuko wa tatu. Huyu huitazama hatari, huipima, huchukua ile anayoweza kuibeba, na ile asiyoiweza hugawana na wengine au huiacha. Nataka kila mmoja wetu awe huyo wa tatu.

KARATASI YA SHANGAZI

Nitawasimulia jambo lililotokea katika ukoo wetu. Mwenyewe amenipa ruhusa.

Shangazi yangu alikuwa akilima iliki katika milima ya Usambara, upande wa Muheza. Mwaka 2007 alifikiwa na mtu aliyesema kwamba ana mnunuzi wa ng'ambo, na bei aliyoitaja ilikuwa nzuri kuliko ile ya walanguzi wa mjini. Shangazi alipeleka kilo 40. Siku ya tatu akalipwa zote. Akapeleka kilo 100. Akalipwa tena. Kijiji kizima kikasikia.

Mara ya tatu yule mtu alitaka kilo 600. Shangazi alikuwa na kilo 150 tu. Basi akazunguka kwa majirani, nao wakampa iliki zao kwa neno lake tu, maana walimwamini. Safari hii yule mtu alileta karatasi tatu zilizoandikwa kwa Kiingereza, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Shangazi alijua kuandika jina lake, basi. Akaliandika. Mzigo ukaenda.

Mwezi ukapita, na wa pili. Akipiga simu anaambiwa, "Mzigo una unyevu, tunaukagua." Kisha simu ikawa haipokelewi tena. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Niliporudi likizo, shangazi alinipa zile karatasi nimsomee. Katika karatasi ya pili paliandikwa hivi: malipo yatafanywa siku 90 baada ya mnunuzi kuukubali mzigo ghalani kwake. Lakini siku ya mwisho ya kuukubali haikuandikwa popote. Maana yake ni kwamba asipoukubali, hata milele, hadaiwi kitu.

Nilimsomea mara mbili. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Hayo yalikuwamo humo siku zote?" Nikamjibu, "Ndiyo, shangazi."

Majirani hawakumtukana, lakini walikuja mlangoni, mmoja mmoja, maana nao walikuwa na watoto wa kulisha. Aliuza ng'ombe wake wawili. Alilipa deni la mwisho mwaka 2011. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mpaka leo anauza iliki. Lakini kabla ya mzigo kutoka nyumbani kwake huuliza maswali matatu. Mwalimu, yaandike ubaoni:

1. Nani atalipa?
2. Atalipa lini?
3. Asipolipa, nyumbani tutakula nini?

Asiyeweza kuyajibu maswali haya matatu, na asipakie. Sasa na tuzitazame hatari zenyewe, moja moja, pamoja na kinga ya kila moja.

HATARI YA KWANZA: MNUNUZI ASILIPE

Angalieni jinsi shangazi alivyonaswa. Mizigo midogo miwili ililipwa upesi, naye akaacha kuuliza. Mnunuzi aliyelipa vizuri mzigo mdogo hajathibitisha kwamba atalipa mkubwa. Mwaminifu hufanya hivyo, na mlaghai naye hufanya hivyo. Kwa hiyo mzigo ukikua, na kinga ikue.

Ziko njia nne za kulipwa. Ya kwanza ni kulipwa kabla ya kupeleka. Hii ndiyo salama kwako, lakini mnunuzi huiogopa, kwa kuwa hatari yote ni yake. Ya pili ni ahadi ya benki, ambayo wafanya biashara huiita elsii. Benki ya mnunuzi huandika kwamba italipa, maadam muuzaji ataleta hati zote zilizotajwa, katika siku zilizotajwa. Hapa yafaa kukumbuka neno moja: benki hutazama hati, haitazami mzigo. Kama jina limekosewa, au uzito wa kwenye ankara haulingani na ule wa kwenye hati ya meli, benki yaweza kukataa hata kama mali yako ni bora kuliko zote.

Njia ya tatu ni kupeleka hati kwa benki. Mnunuzi hapewi hati za kuchukulia mzigo mpaka alipe. Lakini aweza kubadili nia, na mzigo wako ukabaki bandarini huku ada ya ghala ikipanda kila siku. Njia ya nne ni mkopo: wapeleka kwanza, walipwa baadaye. Hii ndiyo njia ya shangazi, nayo ni ya kumpa mtu uliyemjua miaka mingi, si mgeni wa mwezi mmoja.

Ahadi ya benki ina gharama, na kwa mzigo mdogo gharama hiyo huenda ikala faida yote. Basi mfanya biashara mdogo na adai sehemu ya fedha kabla ya kupakia, kwa mfano nusu, na sehemu iliyobaki mnunuzi aone nakala ya hati ya meli ndipo alipe, kabla hajapewa hati yenyewe. Akikataa kutoa hata senti moja kabla, jiulize kwa nini hatari yote anataka uibebe wewe.

Tena, uliza habari zake. Waulize waliomwuzia zamani. Uliza ubalozi wetu katika nchi yake, au Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara, yaani TanTrade. Na karatasi usiyoielewa usiitie sahihi, hata gari likiwa limewashwa mlangoni na dereva anapiga honi. Mwambie mwenye haraka kwamba haraka haraka haina baraka.

HATARI YA PILI: MZIGO UKATALIWE

Mnunuzi aweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado mzigo wako ukarudishwa na serikali ya nchi yake.

Tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Malori yalisimama mpakani na mahindi ndani. Baada ya siku chache biashara ilifunguliwa tena, lakini kwa masharti: mwenye mahindi awe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Ni kiasi gani hicho? Chukua magunia 10,000 ya kilo mia mia. Sumu yote iliyomo isizidi gramu 10, uzito wa vijiko viwili vidogo vya maji. Jicho haliwezi kuiona, wala ulimi hauwezi kuionja. Kipimo peke yake ndicho kinachoweza kuitambua.

Wengi waliopata hasara wiki ile walikuwa wafanya biashara wadogo. Walikuwa wamekwisha kulipa mkulima, wapagazi na lori. Kila siku ya kusimama ilikuwa na gharama yake, na hawakuwa na fedha za akiba.

Kinga yake huanza shambani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Yapimwe kabla ya kupakiwa, si baada ya kufika mpakani. Ni afadhali uambiwe "mabaya" ungali nyumbani, ambako waweza kuyatenga, kuliko kuambiwa hivyo ukiwa njiani na lori la kukodi.

Kadhalika, jua hati zinazotakiwa na nchi unayokwenda. Mazao ya shambani kwa kawaida hutaka cheti cha afya ya mimea. Na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mfanya biashara mdogo amerahisishiwa jambo moja. Kama bidhaa zako zimo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, waweza kupata cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani, ukasamehewa ushuru wa forodha. Hata hivyo cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya. Wengi hukosea hapo.

HATARI YA TATU: NJIA

Aprili 2010, mlima wa moto katika nchi ya Iceland, mbali kabisa kaskazini, ulirusha majivu angani. Ndege zilizuiwa kuruka katika sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku sita hivi. Huku Kenya, maua na mboga zilizokuwa tayari kwenda zilibaki. Ua halingoji. Mengi yalitupwa, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba waliambiwa wakae nyumbani. Mkulima wa Naivasha hakuwa na kosa lolote, na hata jina la mlima ule hakulijua.

Tena, tarehe 23 Machi 2021, meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez mpaka tarehe 29, ikaziba njia nzima. Na tangu mwisho wa mwaka 2023, mashambulio katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi ziiache njia ile, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini. Safari za kwenda Ulaya zikaongezeka siku 10 na zaidi. Kwa mwenye kahawa, siku hizo ni usumbufu tu. Kwa mwenye maparachichi, ni ukomo wa tunda lenyewe.

Basi kabla ya kuchagua mali ya kuuza ng'ambo, jiulize: je, mali hii yaweza kungoja? Iliki iliyokaushwa vema yaweza kungoja. Asali yaweza kungoja. Nyanya haiwezi. Anayeanza na rasilmali ndogo na aanze na mali inayojua kungoja.

HABARI YA BIMA

Hapa ndipo bima inapoingia. Bima si sadaka wala si bahati nasibu. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo katika chombo kimoja, ili yule atakayepatwa na msiba alipwe. Ni sawa na chama cha kuzikana kijijini. Tofauti ni kwamba hapa kinachozikwa ni mzigo.

Lakini bima nayo yataka kusomwa. Bima ya shehena ya melini ina madaraja matatu, A, B na C. A ni pana kuliko zote, na C ni nyembamba. Na hata A haifuniki kila kitu. Kwa desturi haifuniki hasara iliyoletwa na kuchelewa. Haifuniki mali iliyooza kwa tabia yake yenyewe, wala mali iliyofungwa vibaya. Vita hukatiwa bima ya peke yake. Kwa hiyo mwenye mboga asiseme, "Nina bima, nimelala salama." Na aulize kwanza, "Meli ikichelewa, nitalipwa?"

Iko desturi moja ya kale ya baharini ambayo kila mwenye mzigo yafaa aijue. Dhoruba ikikaza, nahodha akalazimika kutosa baadhi ya mali ili chombo kisizame, hasara ile si ya mwenye mali iliyotoswa peke yake. Wote ambao mali yao imeokoka huichangia. Desturi hiyo ingali sheria ya meli kubwa. Ever Given ilipokwamuliwa, wenye meli waliitumia, na wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa mali yao, ijapokuwa mali ilikuwa salama. Mwenye bima, kampuni yake humwekea dhamana. Asiye na bima hujitafutia mwenyewe.

HATARI YA NNE: BEI NA THAMANI YA FEDHA

Aprili 2000 kimbunga kiliipiga Madagascar, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini. Nchi hiyo ndiyo mama wa vanila duniani. Vanila ikaadimika. Bei ikapanda, mpaka mwaka 2003 kilo moja ilifika kiasi cha dola 500 katika soko la dunia. Wakulima wengi, Uganda wakiwamo, walikimbilia kuipanda. Lakini vanila huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri. Kufikia mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 50. Aliyepanda kwa bei ya mwaka 2003 alivuna akauza kwa bei ya mwaka 2006. Hivyo bei ya leo ni habari ya leo tu, haikuahidi kitu cha kesho.

Hata mnunuzi mmoja tu ni hatari. Karafuu za Unguja na Pemba zilinunuliwa sana na Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku kutengeneza sigara za kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikakaribia kujitosheleza. Bei ikaporomoka. Mkulima wa Pemba hakubadilika, wala karafuu yake haikuharibika. Aliyebadilika ni mnunuzi. Kwa hiyo ukipata soko jipya la ng'ambo, usilifunge soko lako la nyumbani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na fedha yenyewe hupanda na kushuka. Januari 2024, dola moja ya Marekani ilipata kiasi cha shilingi 160 za Kenya. Mwisho wa Machi mwaka ule ule ilipata kiasi cha shilingi 131. Tuseme mtu aliuza mzigo wa dola 1,000 mwezi Januari, akalipwa mwisho wa Machi. Alitazamia shilingi 160,000. Alipokea 131,000. Kama mzigo ule ulimgharimu shilingi 140,000, faida yake imegeuka hasara, na hakuna aliyemwibia. Basi malipo ya haraka yana faida mbili: yapunguza hatari ya kutolipwa, na yapunguza hatari ya fedha kubadilika.

TUFANYE HESABU

Sasa shikeni kalamu. Hesabu hii ni mfano tu, nimeitunga ili tujifunze.

Tuseme una rasilmali ya shilingi 3,000,000. Kila mzigo wa shilingi 1,000,000 ukifika salama, wapata faida ya shilingi 200,000. Je, mzigo mmoja ukipotea, itakupasa kupeleka mizigo mingapi salama ili uirudishe hasara hiyo? Gawanyeni 1,000,000 kwa 200,000.

Jibu ni 5. Mzigo mmoja uliopotea umekula faida ya mizigo mitano iliyofika. Andikeni tarakimu hiyo kubwa daftarini, mwizungushie duara.

Sasa linganisheni watu wawili. Wa kwanza apeleka shilingi 3,000,000 zote kwa safari moja. Ikifika, apata faida ya 600,000. Ikipotea, hana kitu, na biashara imekwisha. Wa pili apeleka 1,000,000 na kungoja alipwe, kisha apeleka tena. Ikipotea ya kwanza, ana 2,000,000 mkononi na funzo kichwani. Aweza kuendelea. Faida yake huja polepole, tena nauli ya mizigo midogo ni ghali zaidi kwa kila kilo, sitaki kuwaficha. Lakini hiyo nauli ya ziada ndiyo bei ya usingizi wake.

Njia nzuri ya kuipunguza bei hiyo ni ushirika. Watu ishirini wakiunganisha mizigo yao, hulipa nauli moja na kipimo kimoja, na humwajiri mmoja anayejua kuandika na kusoma hati. Lakini angalieni: mmoja akichanganya iliki mbichi na kavu, wote watakataliwa. Kila gunia na liandikwe jina la mwenyewe.

Jambo la mwisho katika hesabu ni mipaka. Tenga kwanza fedha za chakula, za ada ya shule na za mbegu. Hizo hazipandi meli. Mali ya jirani uliyopewa kwa imani, nayo usiitie hatarini kabla hujamweleza wazi, mbele ya shahidi na kwa maandishi, kwamba mzigo waweza kupotea, na ukipotea nani atabeba nini. Shangazi aniambia kwamba ng'ombe wale wawili hawakumwuma kama ilivyomwuma kuona mama mmoja jirani akija mlangoni akiwa amebeba mtoto mgongoni.

MWISHO

Ndugu wasikilizaji, sikuja leo kuwatisha msiuze ng'ambo. La, hasha. Nchi ambayo watu wake hawathubutu itabaki kununua tu. Uzeni. Vukeni mpaka. Lakini mkumbuke nahodha wetu: alikalafati kwanza, ndipo akatweka tanga.

Na ninyi mnaojifunza kusoma, jueni kwamba kinga iliyo kubwa kuliko zote mnaishika mkononi sasa hivi. Yale maneno yaliyomtia shangazi hasarani hayakufichwa. Yaliandikwa wazi kwenye karatasi, mbele ya macho yake. Mwaka juzi alimaliza darasa la kisomo kama hili lenu. Mkataba ukija kwa Kiingereza, hudai ule wa Kiswahili, husoma kila mstari kwa kidole, na watu humngoja.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Rasilmali: fedha au mali ya kuanzia biashara.
Ankara: karatasi inayoonyesha mali iliyouzwa na bei yake.
Shehena: mzigo uliopakiwa chomboni.
Sumukuvu: sumu inayoletwa na kuvu kwenye nafaka na karanga.
Dhamana: fedha au ahadi inayowekwa ili deni lisipotee.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Shangazi alipaswa kuuliza nini kabla ya kutia sahihi?
2. Taja mali tatu za kijijini kwenu zinazoweza kungoja, na tatu zisizoweza.
3. Mzigo wa shilingi 600,000 huleta faida ya 100,000. Ukipotea mmoja, itapasa mizigo mingapi salama kurudisha hasara?
4. Kwa nini benki yaweza kukataa kulipa hata kama mzigo ni mzuri?
5. Andika maswali matatu ya ubaoni katika karatasi, uibandike mahali unapoweka mizani yako.